Kidonda cha Mwalimu

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi, Fundi Rangi alikuwa na kazi ya kuwafundisha watu wazima kujitazama makalio. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Aliyasema kwa sauti ya kufika barabarani, huku akichomoa mfukoni kioo alichokifunga kwenye mpini mrefu wa brashi, na watu walivunjika mbavu hata kabla somo halijaanza.

"Chekeni tu," aliwaambia. "Mimi sura yangu naiona siku ya kunyoa. Lakini huku nyuma napiga doria asubuhi na jioni, kama mlinzi wa benki."

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya zahanati: sakafu ya saruji, madirisha mawili yanayotazama kamba za kuanikia mashuka, na ubao mpana uliopigiliwa juu ya ngazi za mlangoni ili wenye viti vya magurudumu wasibebwe tena kama magunia. Ubao ule aliupigilia seremala mmoja kiziwi, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa warsha. Aliyeanzisha warsha zenyewe ni nesi wa zahanati, mwanamke mfupi asiyejua kukaa kitako, baada ya kuchoka kupokea walemavu waliokuja kutibiwa wakiwa wameshachelewa. Wiki hii walipima shinikizo la damu, wiki ijayo walizungumzia sukari, wiki nyingine wanawake walifundishwa kujipapasa matiti nyuma ya pazia. Somo la ngozi, lililofungua kipindi kila wiki, alipewa Fundi Rangi, kwa sababu nesi aligundua kwamba jambo ambalo yeye akilisema watu huinamisha vichwa, Fundi akilisema wanasogeza viti mbele.

Alikuwa mpaka rangi tangu ujana wake. Akiwa na miaka ishirini na tisa, jukwaa la miti lilimkatikia akiwa ghorofa ya tatu, na kuanzia chini ya kitovu hakusikia tena joto, baridi wala maumivu. Alilala hospitali miezi minane. Baada ya hapo alihamia kwa dada yake, mshona nguo ambaye hakuwahi kuolewa wala kutaka kushauriwa juu ya jambo hilo, akaanza kuchora maandishi kwenye mbao za maduka na ubavuni mwa magari. Alikuwa na mkono mzuri. Herufi zake zilisimama kama askari kwenye gwaride.

Watu walimjua kwa mizaha. Wasilolijua ni kwamba mizaha ile aliianza wodini, kwa sababu ya woga, na woga ule ulikuwa na jina. Kwenye kitanda cha pili yake alilala kijana mmoja waliyemwita Kepteni, nahodha wa timu ya mpira, aliyevunjika mgongo kwenye ajali ya lori. Kepteni hakuuawa na lori. Alitoka salama kwenye upasuaji, akaanza kujifunza kukaa, akapanga hata kurudi kuwa kocha. Kisha kikatokea kidonda mahali alipolalia, mahali asipopasikia. Kilianza kama doa jekundu. Fundi Rangi alilala ubavuni mwake wiki saba, akisikiliza ile homa ikimzungumzisha Kepteni mambo yasiyoeleweka, na akinusa ile harufu, tamu kidogo, nzito, isiyofunikwa na dawa ya sakafuni. Asubuhi moja aliamka akakuta kitanda kimetandikwa upya.

Tangu siku hiyo, mtu huyu ambaye hakuogopa urefu hata baada ya kuanguka, aliogopa doa jekundu.

Ndipo ilipotokea ile kazi ya shule. Mwalimu mkuu alitaka viti mia tatu viandikwe namba kabla wanafunzi hawajarudi, na siku zilizobaki zilikuwa kumi na tano. Fundi Rangi alikubali. Alikaa kwenye ubaraza wa shule tangu jua linachomoza mpaka linazama, viti vikipangwa kulia kwake vitupu na kuondoka kushoto vimeandikwa. Kanuni aliijua kuliko mtu yeyote: kila nusu saa, shika mikono ya kiti, jinyanyue damu ipite, hesabu mpaka thelathini. Siku ya kwanza alijinyanyua. Siku ya pili alijinyanyua alipokumbuka. Mto wa hewa aliokuwa akiukalia ulikuwa unavuja taratibu, naye akasema atauziba Jumapili. Jioni alirudi mikono imekufa ganzi, akakitazama kile kioo alichokitundika ukutani, akakiambia, "Kesho." Kesho ikawa siku tisa.

Alhamisi iliyofuata aliomba ruhusa shuleni, akaenda kufundisha kama kawaida. Alitania, watu wakacheka. Mbele kabisa aliketi mama mmoja kipofu aliyefanya kazi ya kupokea simu ofisini miaka ishirini na moja, na kwa hiyo kila mtu alimwita Mama Simu. Siku hiyo Mama Simu hakucheka. Somo lilipokwisha alibaki kwenye kiti chake, fimbo yake nyeupe imelala mapajani.

"Mwalimu, wametoka wote?"

"Wametoka, mama. Wewe tu na mimi. Usije ukaniposa, dada yangu ni mkali."

"Sogea hapa." Alisubiri mpaka magurudumu yakaacha kulia. "Nisamehe kwa neno nitakalosema. Macho sina, lakini pua Mungu aliniachia. Una kidonda."

Fundi Rangi aligeuka akatazama dirishani, kwenye kamba za mashuka.

"Hiyo ni harufu ya choo cha nje, mama. Upepo ukivuma huku..."

"Harufu ya choo naijua. Mama yangu alilala kitandani miaka miwili kabla hajafa, na mimi ndiye niliyemwosha. Hii naijua zaidi." Aliteremsha sauti, ile sauti yake laini ya simuni. "Nitanyamaza mpaka Alhamisi ijayo, ili uende mwenyewe kwa miguu yako."

"Miguu yangu haiendi popote, mama."

"Basi kwa magurudumu yako. Usipokwenda, nitamwambia nesi. Sitanii."

Alirudi nyumbani akisukuma kiti kwa haraka mpaka viganja vikamwaka. Dada yake alikuwa amekwenda kupeleka nguo za mteja. Alifunga mlango kwa komeo, akajihamishia kitandani, akashusha suruali, akajilaza ubavu. Kioo alikishika, lakini kwa muda alikielekeza ukutani tu. Aliona rangi ya ukuta, samawati aliyoipaka mwenyewe, na ufa mdogo karibu na swichi. Mwisho akageuza mkono.

Kilikuwa upande wa kushoto, pale pale mfupa unapokalia. Hakikuwa doa jekundu; doa jekundu lilikwishapita zamani. Katikati palikuwa peusi kama lami, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, na kuzunguka weusi ule nyama ilikuwa nyekundu, imevimba, inang'aa. Palikuwa na majimaji. Aliweka kidole pembeni, akakiona kidole kikigusa, na hakusikia chochote. Ilikuwa kama kumtazama mtu mwingine akifa kupitia dirisha la nyumba ya jirani.

Akavaa suruali. Akakitia kioo chini ya godoro.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakwenda zahanati saa ile ile. Nesi alikuwepo, barabara aliijua, na mambo ya kufanya alikuwa ameyafundisha kwa mdomo wake mwenyewe mara hamsini. Lakini kila alipofikiria zahanati aliona hospitali, na kila alipofikiria hospitali alikiona kitanda kile kilichotandikwa upya. Alijiambia kwamba kikibaki bila kutajwa kinaweza kupona. Alijua ni uongo, akaushika hivyo hivyo.

Alifunika kidonda kwa kitambaa safi na gundi ya kubandika karatasi. Alianza kukaa upande, akiegemea kulia kama mashua iliyopigwa ubavuni. Alijimwagia tapentaini ya kuchanganyia rangi kidogo kwenye suruali ili harufu ya kazi ifunike harufu nyingine. Mashuka yake akayaloweka mwenyewe kwenye beseni.

"Mbona siku hizi unajifulia?" dada yake alimuuliza, akiwa na pini tatu mdomoni. "Au umepata mchumba?"

"Nataka kukupumzisha, dada."

"Mimi nimekulea, mdogo wangu. Hujawahi kutaka kunipumzisha." Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha mashine ikaanza kulia tena.

Jumatatu alipata baridi. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wanajipepea kwa madaftari, naye pale ubarazani alitetemeka kama aliyetoka mtoni. Nane ya mwisho ya kiti cha mia mbili na themanini na nane ilipinda kiuno. Aliifuta, akairudia, ikapinda tena. Mlinzi wa shule alipita akamuuliza kama ana malaria. Akasema ndiyo, labda ni malaria, na akashukuru moyoni kwamba amepewa ugonjwa wa kutaja.

Jumatano hakula. Aliona mambo mawili tu mbele yake: akienda kesho, Mama Simu atamuuliza, asipokwenda, Mama Simu atasema. Aliwaza hata kumwambia dada yake kwamba anasafiri. Asafiri aende wapi, na kwa miguu ya nani, hakujua.

Alhamisi alikwenda. Alikwenda akiwa amekata shauri la kudanganya, maana kutokuonekana kungemuumbua zaidi. Alijimwagia tapentaini mpaka watu wa mstari wa mbele wakapiga chafya. Mama Simu alikuwa kwenye kiti chake. Aliposikia magurudumu yake, alimwamkia kwa kumtikisia kichwa tu.

Alifundisha kwa shida. Ulimi ulikuwa mzito, na utani mmoja aliuanza akausahau katikati. Alipofika kwenye kuonyesha jinsi ya kujinyanyua, mikono ilikataa. Akaacha, akasema leo wamwangalie kwa macho ya mawazo. Seremala aliinua mkono. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Vidole vyake vikacheza hewani kwa utulivu, na nesi, aliyejifunza lugha ya alama kwa ajili yake, akatafsiri bila kufikiri mara mbili:

"Anauliza: wewe mwenyewe, Fundi, hujawahi kupata kidonda hiki?"

Jibu alikuwa nalo. Alilibeba tangu nyumbani: *Mimi? Mlinzi wa benki?* Alifungua mdomo alitoe, na meno yakaanza kugongana. Aliyakaza. Yakaendelea kugongana, kwa sauti, mpaka watu wa mstari wa nyuma wakasikia.

"Ninacho," alisema.

Hakuna aliyecheka, ingawa wachache walitabasamu wakidhani mzaha unakuja.

"Ninacho sasa hivi. Nimekikalia hapa mbele yenu. Kina wiki mbili, pengine zaidi, na nimekiona kwa macho yangu siku saba zilizopita, nikanyamaza." Akashika magurudumu kana kwamba kiti kitakimbia. "Naogopa. Naogopa sana, jamani. Sijui niseme nini kingine."

Nesi hakumkaripia. Aliweka chini kalamu, akashika kiti chake kwa nyuma, akamsukuma mpaka chumba cha kufungia vidonda.

Pale juu ya kitanda chembamba chenye mpira wa kijani, Fundi Rangi alilala kifudifudi na kuutazama mkono wa nesi kwenye kioo cha kabati la dawa. Aliuona ukibandua kitambaa. Aliuona ukichukua kijiti chenye pamba. Kisha akaona kijiti kikifupika.

"Kimekwenda wapi?" aliuliza.

"Ndani," nesi alisema taratibu. "Juu ni padogo, chini kimejichimbia. Fundi, hiki si cha hapa. Unakwenda hospitali leo."

"Siendi."

"Fundi..."

"Nipe vidonge, nipe sindano, nichome moto ukitaka. Pale siingii. Kepteni hakutoka."

Nesi hakumjua Kepteni ni nani. Alitoka nje akapiga simu, na baada ya nusu saa dada mtu aliingia na utepe wa kupimia bado ukining'inia shingoni. Alikitazama kidonda. Fundi Rangi, uso chini, hakumwona tena kwenye kioo cha kabati.

"Dada?"

"Kwa hiyo ulikuwa unanipumzisha," dada yake alisema, na sauti ikamkatika. "Ulitaka nije nikuokote, eh? Nigonge mlango asubuhi na chai mkononi, nikuokote?" Akampiga bega kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu; bega alilisikia. Kisha akachuchumaa mbele ya kitanda hadi nyuso zao zikawa sawa. "Nitakaa na wewe. Wakitaka kunitoa, wanitoe kwa polisi. Lakini utakwenda."

Alikwenda. Walimpeleka amelala kifudifudi, kwa hiyo hospitali ile aliyoiogopa miaka kumi na minne aliiingia bila kuiona; aliona sakafu tu. Wodi ilikuwa ile ile. Ilipakwa upya, na aliyeipaka hakukwangua rangi ya zamani kwanza, ikawa inabanduka kama ngozi ya mjusi. Alishikilia hasira hiyo ndogo dhidi ya fundi asiyemjua, kwa kuwa ilimpa kitu cha kufikiria.

Daktari alikata nyama iliyokufa siku hiyo hiyo. Hakukuwa na haja ya ganzi, na hilo lilimtisha kuliko kisu: kusikia mkasi ukifanya kazi mwilini mwake kama dada yake anayekata kitambaa. Kisha daktari akasema wanahitaji picha, ili wajue kama uozo umefika kwenye mfupa. Kama umefika, habari ni nyingine.

"Nyingine namna gani?" aliuliza dada.

"Tusubiri picha," daktari alisema, akatazama saa yake.

Mashine ya picha ilikuwa mbovu. Walisubiri siku mbili. Katika siku hizo mbili Fundi Rangi hakutania hata mara moja, na wagonjwa wenzake walimwona ni mtu mkimya kwa tabia. Alihesabu vigae. Alijinusa. Kila walipobadilisha bandeji alivuta hewa kwa pua, akajaribu kukumbuka harufu ya wiki ile ya mwisho ya Kepteni, kama ni hii au si hii, na hakuweza kuamua.

Siku ya pili mchana, Mama Simu aliletwa na seremala. Walikuja wamebeba machungwa. Seremala alisimama miguuni pa kitanda, akakagua chaga zake kwa jicho la kikazi, akatikisa kichwa. Mama Simu alipapasa mpaka akapata kiti.

"Mama," Fundi Rangi alimnong'oneza, "nifanyie hisani moja. Sogea. Ninuse."

Hakuuliza kwa nini. Aliinama juu yake, akatulia kama mtu anayesikiliza simu ya mbali.

"Niambie ukweli."

"Dawa," alisema. "Nasikia dawa nyingi, na jasho. Ile ya juzi ipo bado, lakini imekwenda mbali. Siku ile ilikuwa chumba kizima." Akarudi kitini. "Mimi si daktari."

Alilia hapo, uso ukiwa ndani ya mto, na seremala akageuka akatazama dirishani.

Picha ilipopatikana jioni ile, daktari aliinua karatasi nyeusi kwenye mwanga na kupima kwa kidole. Uozo ulisimama kabla ya mfupa, kwa upana wa ukucha. Angechelewa wiki moja, alisema daktari, wasingekuwa wanazungumza mambo ya ukucha. Dada yake aliketi sakafuni ghafla, utepe wake wa kupimia mkononi, kama mtu aliyekatwa kamba.

Alilala kifudifudi wiki kumi na moja. Viti kumi na viwili vya shule vilivyobaki viliandikwa na mtu mwingine, kwa mwandiko ambao Fundi Rangi hakuwahi kuusamehe. Kidonda kilijaa kutoka chini kwenda juu, polepole mno. Kila asubuhi alimuuliza anayemfunga bandeji vipimo, na kila asubuhi aliogopa jibu. Aliporudi nyumbani palikuwa na shimo dogo lenye kovu jeupe, na madaktari walimwambia pale patakuwa dhaifu maisha yake yote.

Alirudi ukumbini pia. Somo lilikuwa lile lile, ila watu waliona tofauti. Alipotoa kioo hakutania kwanza. Aliwasimulia siku zile saba, moja baada ya nyingine: gundi, tapentaini, mashuka kwenye beseni. Aliwaambia kwamba woga haukumwisha, kwamba mpaka leo kioo hukielekeza ukutani kwanza, na kwamba siku nyingine humwita dada yake atazame badala yake. Baadhi walipendelea somo la zamani. Mzee mmoja mwenye magongo alimwambia waziwazi, "Ulikuwa unachekesha zaidi." Alikubali kwamba ndivyo.

Miezi ikapita. Alhamisi moja nesi alisoma majina akakosa mtu, dereva mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Alhamisi ya pili dereva hakuja tena. Mkewe alikuwa ametuma ujumbe kwamba mumewe ana shughuli.

"Shughuli gani?" aliuliza Fundi Rangi.

"Hakusema," nesi alijibu. "Nitampigia."

Fundi Rangi hakungoja simu. Alisukuma kiti mpaka mtaa wa nyuma ya karakana, akauliza nyumba, akaonyeshwa mlango wa bati uliofungwa mchana kweupe. Ndani redio ilikuwa inaongea. Alipobisha, redio ikazimwa.

"Nani?" sauti ya mwanamume iliuliza.

"Mwalimu wa ngozi."

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Sijisikii vizuri, mwalimu. Nitakuja wiki ijayo."

Fundi Rangi alitazama kulia na kushoto. Barabarani palikuwa na kuku wawili tu na mwanamke aliyekuwa anafagia. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa ajili ya mguu usio wake.

"Mguu uliobaki," alisema kupitia bati, kwa sauti ya chini ili anayefagia asisikie. "Kuna kitu kidoleni, sivyo?"

Mlango haukufunguliwa. Fundi Rangi alijinyanyua kwenye kiti, akahesabu mpaka thelathini, akakaa. Nusu saa ilipopita alijinyanyua tena. Mara ya tatu, komeo likavutwa.